Vidonge vya Seli Zombi Si vya Mtu wa Miaka 22

Niseme msimamo wangu mapema ndio usinitafutie huko chini: sayansi ya kuua seli zilizozeeka ni ya ukweli, ni tamu, na siku moja inaweza kumsaidia shosho yako kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Lakini vile vidonge unauziwa kwa simu saa sita usiku na jamaa mwenye misuli na taa ya duara, wewe mwenye miaka 22, havikuhusu. Nasema hivi nikijua kuna wenzangu wa hii kazi ya video watanuna. Wanune tu.

Kama hujakutana na hizo video, subiri, ziko njiani. Maneno ni yaleyale: mwili wako umejaa seli zombi, safisha seli zako, rudisha ngozi ya miaka 16. Halafu chupa inatokea. Ndani kuna kwesetini, ama fisetini, ama zote mbili. Chupa moja niliyoonyeshwa ni 4,800. Manze, kuna watu hapa wanalipa bedsita na hiyo pesa.

Hebu tuelewe kitu chenyewe kwanza, juu ukipinga kitu hujakielewa, wewe na anayekiuza hamna tofauti. (Na kabla uniulize: ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, na haikuwa hata kozi ya biolojia. Karo iliisha. Kusoma hakukuisha.)

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, wakiwa Philadelphia, walichapisha kitu kilichowaudhi wakubwa wao. Wakati huo iliaminika kwamba seli ukizitunza vizuri kwenye maabara zitagawanyika milele. Hawa wawili wakaonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, halafu zinagoma. Hazifi. Zinakaa tu hapo, zinakula, zinapumua, lakini kugawanyika hapana. Baadaye ikajulikana kwamba seli inaweza kugoma hata kabla ifike hiyo hesabu: ikichomwa na mionzi, ikigongwa na dawa za saratani, DNA yake ikiharibika, ama ikianza kuonyesha dalili za kugeuka saratani.

Hiyo ya mwisho ndio watu wa chupa huruka. Seli kugoma ni breki. Seli imeona iko karibu kuwa saratani, ikajifungia. Bila hiyo breki wengi wetu hatungefika hata miaka ya kulalamika kuhusu makunyanzi.

Shida inakuja pale seli iliyogoma inakataa kutoka. Fikiria ploti huku kwetu mtaani. Kuna mpangaji wa nyumba namba tisa. Aliacha kazi, kodi halipi, kuhama hataki. Angekuwa amenyamaza tu tungemvumilia. Lakini anamwaga takataka kwa ngazi, anapiga kelele usiku, na wapangaji wa namba nane na kumi, ambao walikuwa watu wazuri, nao wanaanza kuharibika. Seli hizi zinafanya hivyo hasa. Marehemu Judith Campisi, mtafiti aliyefanya kazi California, pamoja na wenzake walieleza mwaka 2008 jinsi seli iliyogoma inavyomwaga mchanganyiko wa kemikali za uvimbe, na vimeng'enya vya kula tishu iliyo karibu. Majirani wanaumwa. Wengine nao wanagoma.

Ukiwa kijana, keretaka yuko macho. Keretaka ni kinga ya mwili. Anamtoa mpangaji mbaya mapema, siku chache zinatosha. Ukizeeka, keretaka naye anazeeka, anasinzia kwa kiti hapo geti, na wapangaji wabaya wanaongezeka. Ndio maana unawapata wengi kwenye magoti yaliyochakaa, mapafu yenye makovu, figo za mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, mafuta ya tumboni.

Sasa, senolitiki ni dawa inayokuja kama madalali wa mahakama: inapita mlango wa namba nane, inapita wa kumi, inabisha tisa peke yake. Inawezaje? Hapa ndipo nilipopenda hii sayansi. Seli iliyogoma inaishi ndani ya sumu yake yenyewe, kwa hivyo lazima ijikinge isijiue. Inawasha kinga za kuzuia kifo kuliko seli ya kawaida. Mwaka 2015 kikundi cha James Kirkland na Tamara Tchkonia wa Mayo Clinic, pamoja na wenzao wa Scripps, kilifikiria hivi: tusiipige seli, tuizimie hizo kinga tu, itajimaliza yenyewe. Wakapata mchanganyiko wa vitu viwili. Kimoja ni dasatinibu, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006. Cha pili ni kwesetini, kitu kiko kwa vitunguu na matufaha.

Na uzuri wake ni kwamba haitakiwi kila siku. Seli hizo zikiondoka zinachukua muda kujaa tena, kwa hivyo unapewa dawa siku chache, unaachana nayo, inatoka mwilini, unarudi baada ya wiki kadhaa. Linganisha na ile chupa inayokuambia "vidonge viwili kila asubuhi bila kukosa". Hata wazo lenyewe hawajalisoma!

Panya walifanya maajabu, sitadanganya. Mwaka 2011 Darren Baker na Jan van Deursen, pia wa Mayo Clinic, walitengeneza panya wanaozeeka haraka, ambao seli zao zilizogoma zingeweza kuondolewa kwa dawa maalum. Panya waliosafishwa walichelewa kupata mtoto wa jicho na misuli yao haikunyauka haraka. 2016 wakafanya tena, panya wa kawaida sasa, kuanzia umri wa mwaka mmoja, na maisha yao kwa wastani yakarefuka karibu robo. 2018, panya wazee kabisa, umri ambao kwa binadamu ungekuwa kama miaka 75 hadi 90, walipewa ule mchanganyiko wa dawa mbili, na muda uliobaki wa kuishi ukaongezeka kwa asilimia 36. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza sikulala.

Lakini wewe si panya.

Kwa binadamu mambo yamekuwa polepole, na yenye kichwa ngumu. 2019 watu 14 wenye ugonjwa wa makovu ya mapafu walipewa mchanganyiko huo siku tatu kwa wiki, wiki tatu. Wakatembea mbali kidogo zaidi kwa dakika sita. Poa, lakini walikuwa 14, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mtu akijua amepewa dawa mpya, hata miguu inapata moyo. Halafu 2020 ikaja ile iliyouma wengi. Kampuni ya Unity Biotechnology, moja ya zile Jeff Bezos aliweka pesa, ilikuwa na dawa ya kudunga kwenye goti lililochakaa. Panya walikuwa wamekubali. Wagonjwa waliodungwa dawa na wale waliodungwa maji tu, baada ya wiki 12, maumivu yao yakawa hayana tofauti. Bezos mwenyewe alinunua matumaini, akapata goti lilelile.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine, na huu nataka uusikie vizuri. Wanawake 60 waliopita umri wa kuzaa, wiki 20, nusu wanapewa dasatinibu na kwesetini kwa vipindi, nusu hawapewi, na lengo ni mifupa. Kipimo kikuu, kile cha mfupa kuliwa, hakikuonyesha tofauti. Ila walipowaangalia wanawake waliokuwa na seli zilizogoma nyingi zaidi tangu mwanzo, hao walionekana kupata nafuu fulani. Hiyo bado ni dalili tu, inahitaji kupimwa upya. Lakini umeona inaelekea wapi? Dawa ya kufukuza wapangaji wabaya inafanya kazi, kama inafanya, pale ambapo wapangaji wabaya wapo.

Wewe wa miaka 22 ploti yako haijajaa hao watu. Seli zilizogoma ulizo nazo ni chache, na kati yao kuna zenye kazi. Ukijikata kidole ukikatakata sukuma, seli za aina hiyo huja kwenye kidonda kwa muda, zinatoa kemikali za kuharakisha kupona, halafu zinaondolewa. Hiyo ilionyeshwa kwa panya mwaka 2014: ukiziondoa, kidonda kinachelewa. Na mwaka 2020 watafiti wengine waliondoa kundi la seli za namna hiyo kwa panya, wakakuta nyingi zilikuwa zinashikilia mishipa midogo ya damu ya ini. Zilipotoka, ini likaanza kujaa makovu na afya ya panya ikaharibika. Kumbe namba tisa mwingine ndiye alikuwa anashikilia ukuta wa ploti.

Sasa turudi kwa chupa. Najua utaniambia, "Buda, ni kitunguu tu, kitamuumiza nani?" Haya, tupige hesabu. Kwenye ule utafiti wa mapafu kila mgonjwa alipewa miligramu 1,250 za kwesetini kwa siku. Kitunguu chekundu kina miligramu kama 39 kwa kila gramu 100. Hizo ni zaidi ya kilo tatu za vitunguu kwa siku moja, mbichi, na mama mboga wako atadhani umefungua hoteli. Fisetini ndio kali zaidi. Iko kwa stroberi, kama miligramu 16 kwa gramu 100. Kipimo kinachojaribiwa kwa watu ni miligramu 20 kwa kila kilo ya mwili, kwa hivyo mtu wa kilo 60 anahitaji kilo saba na nusu za stroberi. Kwa hivyo ni moja kati ya mawili. Ama kidonge kina kiasi kidogo kama cha chakula, na hapo umelipa 4,800 ya kitunguu. Ama kina kiasi kikubwa kuliko chakula chochote ulichowahi kula, na hapo acha kuniambia ni kitunguu tu.

Na hata fisetini yenyewe, ile iliyopigiwa debe baada ya utafiti wa panya wa 2018, Marekani wana mpango wa serikali unaorudia madai kama haya kwa panya, kwenye maabara tatu tofauti, ndio mtu mmoja asije akajidanganya. Wakaipima. Kwa kipimo na ratiba waliyotumia, panya hawakuishi zaidi, dume wala jike. Hiyo hutaisikia kwenye video.

Kwesetini peke yake pia si ule mchanganyiko. Ilikuwa na mwenzake. Na kuna wasee wameshang'amua hilo, ndio maana nimepata jumbe mbili za mtu akiniuliza atapata wapi dasatinibu bila karatasi ya daktari. Hapana. Hapana kabisa. Hiyo inaweza kushusha seli zako za damu, ikuletee kutokwa na damu, ijaze maji pembeni ya mapafu. Mgonjwa wa saratani ya damu anaimeza akiwa anapimwa damu kila mara, na daktari anajua anachofuatilia. Wewe utaimeza kejani, halafu umpigie nani?

Mwezi wa pili muuzaji mmoja, sitamtaja, aliniandikia. Elfu kumi na tano kwa video moja ya dakika moja na nusu. Skripti ilikuwa imeandikwa tayari: "Nimetumia wiki tatu na nimeona tofauti kwa ngozi na kwa nguvu." Chupa yenyewe ilikuwa haijafika. Nikamuuliza tofauti nitaiona na nini, juu hakuna mtu anayehisi seli iliyogoma ikitoka. Akanijibu, "Wafuasi wako hawataki somo, wanataka matokeo." Nilikataa. Kodi ya mwezi huo nililipa kwa mkopo wa simu, na bado naulipa, kwa hivyo usidhani nakuhubiria nikiwa nimeshiba. Wenzangu watatu walikubali ofa kama hiyo. Wawili wana miaka 20. Ngozi ya miaka 20 ikiuza dawa ya kuzuia uzee, hapo nani anamcheka nani?

Lakini ukimsikiliza yule muuzaji, hesabu yake iko sawa. Sensa ya 2019 ilisema robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Sisi ndio soko. Sisi ndio tuko kwa simu. Na uoga wa kuzeeka unauzika hata kwa mtu ambaye bado anaombwa kitambulisho mlangoni.

Wenye shida yenyewe hawako kwenye video. Sensa hiyohiyo ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na kuendelea. Shosho yangu ni mmoja wao, yuko Murang'a, na magoti yake yanajua mvua itanyesha kabla ya watu wa hali ya hewa. Anapata pesa za Inua Jamii, 2,000 kwa mwezi, zikikuja. Chupa moja ya hao watu ni zaidi ya miezi miwili ya pesa zake. Ukitaka kujua dawa hii ingekuwa ya nani, ni yake. Ni ya mtu aliyemaliza kemo akiwa mtoto na sasa ana miaka 35 na mwili umechoka kama wa 60. Huko Marekani hospitali ya watoto ya St. Jude ina majaribio kwa watu wa aina hiyo. Na kuna kundi lingine ambalo Kenya tungefaa kulitaja kila siku: watu kama milioni 1.4 wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Dawa za ARV zimewafikisha uzeeni, asante Mungu na asante sayansi, lakini mwili uliokaa na virusi miaka 20 una uvimbe wa chinichini usioisha, na magonjwa ya uzee kama ya moyo na mifupa huwabishia mapema.

Kama tuna nguvu za kupiga kelele mtandaoni, si tupige hapo? Tuulize KEMRI na vyuo vyetu vikuu: majaribio ya hizi dawa yakifika hatua ya watu wengi, sisi tutakuwa ndani ama tutaletewa dawa miaka 15 baadaye ikiwa imepimwa kwa miili ya watu wa Minnesota? Hilo ndilo swali la kijana anayejali uzee. Halina chupa, kwa hivyo halina mdhamini.

Na kama unataka kitu cha mwili wako sasa hivi, hakuna mtu atanilipa kukwambia hii. Mwaka 2009 watafiti wa North Carolina walipima alama ya seli zilizogoma, inaitwa p16, kwenye seli za damu. Ilipanda na umri, na pia ilikuwa juu zaidi kwa wavutaji sigara na kwa watu wasiofanya mazoezi. 2021 wengine wakawachukua wazee, wakawapa mazoezi ya wiki 12, na alama kadhaa za namna hiyo kwenye damu zikashuka. Wazee, wiki 12, bila chupa. Wewe unapanda nduthi kutoka stejini hadi kwa geti, mita 400, ukiwa na sigara mkononi, halafu unaagiza fisetini.

Sababu iliyonifanya niandike hii leo badala ya kuiacha kwa daftari ni ujumbe wa Jumanne. Dada mmoja, mfuasi wa siku nyingi, aliniambia amemnunulia mamake chupa mbili. Mama ana miaka 63, mwaka jana alipata damu kuganda mguuni, na anameza warfarini. Alitaka kujua aanze na vidonge vingapi.

Nilimjibu hivi, na kama mzazi wako yuko hali hiyo soma pole pole. Asianze na hata kimoja. Warfarini ni dawa ambayo daktari anaipima kwa damu ya mgonjwa, ikizidi kidogo mtu anavuja ndani, na kuna tahadhari kwamba kwesetini kwa kiasi kikubwa inaweza kuiongezea nguvu. Chupa ipelekwe kliniki kama ilivyo, na lebo yake, ionyeshwe daktari ama mfamasia anayetoa hiyo warfarini. Kama mama ameshameza, aseme ni lini na ni ngapi, asione haya. Akiona ufizi unatoa damu, madoadoa ya kuvilia, ama choo cheusi kama lami, asingoje siku ya kliniki, aende hospitali saa hiyo.

Alinijibu usiku huo. Mama hakuwa amefungua. Kliniki ni Jumatatu. Muuzaji ameambiwa arudishe pesa na ameandika kwamba bidhaa za afya hazirudishwi.